Baada ya Virusi Kuondoka

Watu wa Mgololo walimjua Anania Kalinga kwa mambo mawili: sauti yake ya besi kanisani, na kwamba hakuwa mtu wa ulanzi. Katika nchi ya Iringa, ambako pombe ya mianzi hutiririka yenyewe msimu wa mvua na mgeni hupewa kikombe kabla hajaulizwa habari za safari, mwanamume asiyekunywa hukumbukwa. Anania hakukataa kwa sababu ya dini tu, ingawa alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Alikuwa kijana alipomwona kaka yake mkubwa akifa tumbo limejaa maji kama mtungi, macho ya manjano, miguu imekonda. Siku ya kuzika alimwambia mama yake kwamba kinywa chake hakitagusa kitu kile tena, na hakikugusa.

Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye boila la kiwanda cha karatasi. Alianza kama kibarua wa kusukuma magome ya miti kwenye tanuru, akapanda taratibu hadi akawa msimamizi wa zamu. Mke wake, Evarista, alizaliwa Mkatoliki akahamia kanisa la mumewe siku ya ndoa, lakini rozari ya mama yake aliendelea kuitunza kabatini, na Anania hakuwahi kumuuliza habari zake. Mtoto wao mmoja, Blessing, aliolewa Mbeya, akafungua duka la vitambaa Mwanjelwa.

Ugonjwa ulijulikana kwa njia ya heri. Blessing alikuwa anajifungua, damu ikahitajika, na baba akaenda kujitolea. Baada ya vipimo, muuguzi alimwita pembeni akamwambia damu yake haifai kupewa mtu, kisha akampeleka kwa daktari wa magonjwa ya ini. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, mzaliwa wa Mbeya ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara. Jina lake Dokta Shufaa.

"Mzee Kalinga, una homa ya ini, aina ya C," alimwambia. "Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi vikila polepole. Uliwahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Sindano za mtaani?"

Hapo Anania alimkumbuka bwana mmoja wa baiskeli aliyekuwa akipita kijijini kwao, nyuma ya Ifunda, walipokuwa watoto. Alikuwa na sindano moja ya chuma. Aliichemsha asubuhi kwenye kikopo, akawadunga watoto wote wenye malaria hadi jua linazama, na wazazi wakamshukuru kwa kuku na mayai. Katika foleni ile Anania alikuwa akisimama na rafiki yake Liberatus, wakisukumana nani aanze.

"Siwezi kukuhakikishia kama ni hiyo," daktari alisema. "Lakini inawezekana."

Alipewa vidonge vya miezi mitatu. Alivimeza bila kuruka siku, Evarista akisimama mbele yake kila asubuhi na kikombe cha maji kama mama anayemnywesha mtoto. Vilipokwisha, wakangoja, wakarudi kupima. Virusi havikuonekana tena.

Jumapili iliyofuata Anania alisimama mbele ya usharika kutoa ushuhuda. Alileta beberu wa shukrani, akanadiwa nje baada ya ibada kama ilivyo desturi. Ndani, kwa sauti yake ya besi, aliwaeleza watu kwamba ugonjwa ule haukuwa uchawi wala laana, kwamba una dawa, na kwamba yeye amepona. "Msiogope kupima," alisema. "Mimi niliogopa bure."

Liberatus hakuwa Mlutheri, lakini siku ile alikuja kwa ajili ya rafiki yake, akakaa kiti cha nyuma. Yeye naye alikuwa amehamia Mgololo tangu ujana, fundi wa msumeno katika kiwanda kidogo cha mbao, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na mzaha usiokwisha. Nje, kelele za mnada zikiendelea, alimvuta Anania mkono.

"Mnyalukolo, ndugu yangu, ile sindano ya yule bwana wa baiskeli, si tulichangia?"

"Tulichangia."

"Basi nipeleke huko kwa daktari wako."

Wakaenda pamoja. Liberatus akakutwa nacho kirusi kile kile, na ini lake limeumia kuliko la mwenzake. Akapewa vidonge. Akarudi Mgololo akiwa anavionyesha kwa watu kama mtu aliyenunua saa mpya.

Kisha mambo yakageuka.

Ilianza na uchovu. Anania alikuwa akitoka zamu magoti yanauma kama ya mtu aliyebeba magogo. Ngozi ikawa inamwasha, akijikuna hadi damu inatoka, na kwenye ngozi hapakuwa na kipele hata kimoja. Alisema ni baridi ya Mufindi, akasema ni uzee. Asubuhi moja walikuwa wamekaa uani yeye na mkewe wakipukuchua maharage juani, Evarista akasimamisha mikono.

"Baba Blessing, hebu niangalie."

"Kuna nini?"

"Niangalie tu."

Akainua uso. Evarista alimtazama muda mrefu, ganda la maharage likiwa bado kiganjani.

"Macho yako yamekuwa manjano."

"Ni moshi wa boila."

"Moshi unaleta wekundu. Hauleti manjano."

Anania akainamia maharage yake. Alikuwa ameshajua. Siku kadhaa sasa mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na alikuwa akimwaga maji mengi chooni ili mkewe asione. Kilichomfunga mdomo hakikuwa hofu ya kufa. Ilikuwa aibu. Angesema nini kwa watu ambao alisimama mbele yao akawaambia amepona?

Mji mdogo hauna siri. Manjano yalipofika kwenye viganja, kila mtu aliyaona, na kila mtu akawa na maelezo yake. Wengine walisema mzee wa kanisa anakunywa ulanzi kwa siri, na kwamba ukoo wao wote ndivyo ulivyo, si mlimwona kaka yake? Wengine walisema ni vile vidonge vya hospitali: vimefukuza ugonjwa mdogo vikaacha mkubwa. Mchungaji, kijana wa umri wa Blessing, alikuja nyumbani jioni akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mzee, watu wanasema. Mimi siamini. Ila nakuuliza ili ukiniambia hapana, nikusimamie. Je, unakunywa?"

"Mchungaji," Anania alisema, "ningefurahi kama ungeanza kwa kuniuliza naumwa nini."

Mchungaji aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akasali nao, akaondoka. Lakini neno likishatoka kinywani halirudi. Evarista alilia usiku ule, na tangu siku ile Anania akawa anakaa viti vya nyuma kanisani, asiimbe.

Lililomvunja zaidi lilikuja na Liberatus. Alifika bila mzaha wake, akakataa kukaa.

"Kaka, nimeacha zile dawa."

"Umeacha? Uko katikati!"

"Wewe ulimaliza. Nenda kwenye kioo ukajitazame." Alisema taratibu, bila ubaya. "Nilizimeza kwa sababu ya maneno yako. Sasa naziacha kwa sababu ya macho yako. Usinikasirikie."

Anania angemwambia nini? Hata yeye mwenyewe aliamini kwamba virusi vimerudi, au kwamba dawa imemtia sumu. Alimsindikiza rafiki yake hadi njiani, akasimama pale akimtazama akipotea nyuma ya miti ya misindano.

Kesho yake Evarista alifunga nguo zao kwenye kanga, akamwambia, "Twende Mbeya. Ukitaka kubaki, utabaki peke yako, maana mimi nitakwenda kumuuliza yule daktari." Wakapanda gari hadi Mafinga, na kutoka hapo basi la Mbeya. Anania alilala njia nzima, kichwa begani kwa mkewe.

Dokta Shufaa hakuficha wasiwasi alipomwona. Alitoa damu, akampima tumbo kwa mashine, akamlaza. Majibu ya kwanza yalipotoka alikuja mwenyewe kitandani.

"Virusi havipo," alisema. "Nimerudia kipimo. Havipo."

Evarista alikaa chini kwenye sakafu kabisa. Anania alikodoa macho yake ya manjano.

"Sasa daktari, kama havipo, ninaumwa nini?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta."

Aliulizwa maswali mengi: dawa za miti shamba, pombe, vidonge vya maumivu. Alipoulizwa juu ya pombe alitegemea kuona dharau, lakini daktari aliandika jibu lake akaendelea. Akadungwa sindano ndefu kati ya mbavu, ikatoa kipande kidogo cha ini, kipande ambacho Evarista alisema hakizidi uzi wa kushonea. Kikapelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa. Wakangoja nyumbani kwa Blessing, katika baridi ile ya Juni ya Mbeya inayoingia hadi kwenye mifupa. Mjukuu alikuwa ameanza kutambaa. Alipenda kumpanda babu yake tumboni, na Anania alimwacha ingawa alikuwa anaumia.

Majibu yalipokuja, Dokta Shufaa aliwaita wote watatu ofisini.

"Mzee, unawafahamu sungusungu wanaolinda mtaa?"

"Nani asiyewafahamu?"

"Basi. Mwili wako una sungusungu wake, ndio kinga. Mwizi aliingia kwenye ini lako miaka mingi iliyopita, nao wakawa wanapigana naye humo humo. Sasa dawa imemwondoa mwizi. Lakini hao sungusungu hawakuondoka. Wanaendelea kupiga, na wanayempiga ni mwenye nyumba. Kinga yako inalishambulia ini lako mwenyewe."

Blessing aliuliza lile ambalo baba yake aliogopa kuuliza. "Ni dawa zilizoleta hivyo?"

"Sijui," daktari alijibu. "Nakwambia ukweli, sijui. Pengine ugonjwa huu ulikuwepo siku zote, umejificha nyuma ya virusi. Pengine kuondoka kwa virusi kumeuamsha. Hutokea kwa watu wachache sana. Lakini kama tungeviacha, vingelimaliza ini hilo hata hivyo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Evarista alisema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo, mama. Sasa nguo hii hatuwezi kuivua. Tutaituliza."

Dawa mpya zilikuwa za kuituliza kinga. Alionywa kwamba zitamvimbisha uso, zitampa njaa, zitamnyima usingizi, na kwamba hata akijisikia mzima kiasi gani asije akaziacha ghafla. Akavumilia. Baada ya majuma kadhaa mkojo ulianza kung'aa, kujikuna kukapungua, na siku moja Blessing alimleta dirishani akamgeuza uso huku na huku, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wafike. Weupe ulikuwa unarudi machoni.

Anania hakucheka. "Kuna mtu nyumbani ameacha dawa kwa ajili yangu," alimwambia daktari. "Nimempigia simu, ananiambia nimefundishwa maneno ya kumtia moyo."

"Simu haitoshi," alisema Dokta Shufaa. "Akuone."

Akarudi Mgololo kabla nguvu hazijatimia. Uso wake ulikuwa umejaa, umeviringana kama wa mtoto aliyenona, na njiani alisikia wazi mtu akisema ulanzi umemnenepesha mzee. Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Liberatus, akamkuta ameketi kwenye gogo nje ya nyumba, amekonda, miguu imevimba. Mkewe, mama Amos, alileta kiti kingine akasimama mlangoni asikilize.

"Kamwene, kaka," Liberatus alimwamkia. "Umekuwa mnene."

"Ni dawa."

"Dawa nyingine tena?"

"Nyingine tena. Na pengine nitazimeza hadi nife." Anania alikaa. Alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakamtoroka. "Sikuja kukuambia kwamba nimepona, Liberatus. Mimi ni mgonjwa. Lakini ule ugonjwa wa sindano, ule tuliochangia mimi na wewe, kwangu haupo. Kwako upo. Huu nilio nao ni wangu peke yangu, mwili wangu ndio umeuzaa. Usiogope ugonjwa wangu ukaacha wako ukuue."

Liberatus alichorachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Na ukinipata huo wako pia?"

"Utakunywa dawa kama mimi. Utanenepa. Tutachekwa wawili."

Kwa mbali, mashine za kiwanda zilikuwa zikinguruma kama kawaida. Liberatus alicheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, kisha akamwambia mkewe atafute lile koti lake la safari.

Ilibidi aanze upya, kwa dawa nyingi zaidi na muda mrefu zaidi. Safari hii hakuruka siku. Walikwenda kliniki Mbeya pamoja kila walipoitwa, wanaume wawili wazima wakigombania dirisha ndani ya basi. Mwisho wa dawa zake, kipimo kikaonyesha hana virusi. Hakutoa ushuhuda kokote. Alinunua mkate mkubwa na soda, wakala wakiwa wamesimama stendi, akasema kwamba sasa deni lao na yule bwana wa baiskeli limekwisha.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Liberatus alitapika damu asubuhi akiwa anavaa viatu vya kazi. Walimwahisha hospitali kwa gari la kubeba mbao. Alifika akiwa hai, akazungumza maneno machache na mkewe, na kabla ya saa sita mchana akawa amefariki. Walimpeleka kumzika nyumbani kwao, nyuma ya Ifunda, katika udongo mwekundu uliolowa. Padri alisali, wanawake wakaimba nyimbo za Kihehe. Anania alishika koleo na vijana, akajaza kaburi hadi Evarista alipokuja kumwondolea koleo mikononi.

Kliniki iliyofuata alikwenda peke yake. Dokta Shufaa alipomaliza kuangalia vipimo vyake, ambavyo vilikuwa vizuri, Anania hakuinuka.

"Daktari, ile miezi aliyoacha dawa. Ndiyo iliyomuua?"

Daktari alivua miwani. "Ini lake lilikuwa limeshakauka alipokuja mara ya kwanza. Mishipa ya damu tumboni ilikuwa imeshavimba. Ingeweza kupasuka wakati wowote, mzee, hata kama asingeacha."

"Ingeweza."

"Ingeweza."

Anania alitafuta usoni mwa daktari kama ilikuwa kweli tupu au kweli iliyofunikwa kwa huruma, asipate kujua. Akashukuru, akaenda kuchukua vidonge vyake. Jioni alimweleza Evarista maneno yale yalivyokuwa. Evarista alifikiri, akasema kwamba daktari yule hajawahi kuwadanganya, hata siku ile aliposema hajui. Anania alishika neno hilo. Siku nyingine linamtosha, siku nyingine halimtoshi.

Boila aliliacha mwaka huo, maana joto lilimchosha na mifupa ilikuwa imeanza kudhoofika kwa dawa. Sasa analima viazi na mkewe nyuma ya nyumba. Evarista anachimba, yeye anapanga mbegu. Uso umepungua baada ya dozi kushushwa, ingawa hautakuwa kama zamani. Walishajaribu kuzipunguza zaidi, manjano yakachungulia, wakarudi pale pale. Mchungaji amemwomba arudi viti vya mbele, naye amekubali, na akiimba sauti yake inafika, japo pumzi inakatika katikati ya ubeti.

Mwezi uliopita mama Amos alikuja asubuhi, amevaa viatu vya kufunga na mkoba begani. Alikataa chai. Alisema ameishi na Liberatus miaka mingi, wakitumia wembe mmoja, na kwamba hajawahi kupimwa. Alitaka kwenda kabla hajabadili mawazo, na hakutaka kwenda peke yake.

"Shemeji, naogopa," alisema.

Anania alikuwa na udongo wa viazi mikononi. Alitazama mistari ambayo hawajaimaliza, akamtazama mkewe, naye Evarista akampokea kikapu cha mbegu.

"Ngoja ninawe," alisema. "Gari la Mafinga bado halijapita."

Akaingia ndani kutafuta sabuni.